Kinyoya Kimegusa Mstari au Hakikugusa? Jinsi Kamera Inavyoweza Kumsaidia Mwamuzi wa Badminton

Saa kumi jioni katika ukumbi wa shule mjini Kisumu, seti ya tatu, pointi 20 kwa 19. Kinyoya kinapigwa juu kutoka upande wa pili, kinapanda hadi karibu na mabati, kinaanza kushuka. Mchezaji aliye nyuma anainua raketi, anasita, anakiacha. Kinatua kwenye mstari wa nyuma, au karibu nao, kinagaagaa mara moja na kutulia. Mwamuzi wa mstari ananyoosha mikono yote miwili pembeni: nje. Wapinzani wanasema kimegusa rangi. Sakafu haina ushahidi wowote, kwa sababu kitu cha gramu 5 hakiachi alama kwenye saruji.

Katika mashindano makubwa ya dunia, mzozo huu ulianza kupatiwa dawa mwaka 2014, ulipoingizwa mfumo wa kurejelea picha papo hapo. Kila upande una nafasi mbili za kupinga uamuzi katika mechi, na anayepinga akaonekana ana haki hapotezi nafasi yake. Mfumo ule unakuja na kamera nyingi za kasi na mafundi wake, gharama ambayo mashindano ya shule au ya kaunti hayaiwezi. Lakini kazi yenyewe, kujua kinyoya kimetua upande gani wa mstari, inaweza kufanywa kwa simu mbili na laptopu moja. Sharti ni kuelewa jambo ambalo wengi hulipita mbio wakikimbilia programu: mahali kamera inapokaa huamua zaidi kuliko akili ya kompyuta.

Tunapima nini hasa

Uwanja wa badminton una urefu wa mita 13.40 na upana wa mita 6.10 kwa wachezaji wawili wawili, au mita 5.18 kwa mmoja mmoja. Mistari ina upana wa milimita 40, nayo ni sehemu ya eneo inalolizunguka. Hapo kuna habari njema kwa fundi: upana mzima wa mstari haumhusu. Swali ni moja tu, nalo linahusu ukingo wa nje wa mstari. Kinyoya kikigusa hata uzi wa ukingo ule, kiko ndani.

Sasa kitazame kinyoya chenyewe kwa karibu. Kina manyoya 16 yaliyochomekwa kwenye kitako cha duara chenye kipenyo cha milimita 25 hadi 28. Manyoya yana urefu wa milimita 62 hadi 70, na ncha zake hufungua duara la milimita 58 hadi 68. Kitako ndicho kizito, kwa hiyo kinyoya hushuka kitako kikitangulia, na kitako ndicho hugusa sakafu kwanza. Lakini kitako hakigusi kwa upana wake wote. Upande wake wa chini ni wa mviringo kama nusu ya mpira, kwa hiyo sehemu inayokutana na sakafu ni ndogo sana, milimita chache tu.

Hapa ndipo watu wenye macho mazuri hugombana wakiwa wote wanasema ukweli. Ukitazama kutoka juu, unaweza kuona ubavu wa kitako umening'inia juu ya rangi, huku mahali kilipogusa pako nje kabisa. Aliyesema "kilikuwa juu ya mstari" hakudanganya; alichokiona hakikuwa mguso. Umbo hilo hilo la mviringo lakini ni msaada mkubwa kwa kompyuta. Kinyoya kikishuka wima au kikiwa kimeinama, sehemu inayogusa huwa moja kwa moja chini ya kiini cha ule mviringo, kama milimita 13 chini yake. Kwa hiyo programu haina haja ya kuuona mguso wenyewe. Ikipata mduara wa kitako na kiini chake, imepata mguso.

Kosa la kimo

Njia ambayo karibu kila mtu huanza nayo ni hii: weka kamera kando ya ukumbi mahali pa juu, chukua pembe nne za uwanja kwenye picha, zioanishe na vipimo halisi vya uwanja, kisha uache hesabu ya homografia igeuze kila pikseli kuwa mita. Ni hesabu sahihi. Tatizo ni kwamba ni sahihi kwa vitu vilivyolala sakafuni tu. Chochote kilichoinuka juu ya sakafu, hata kwa kidole kimoja, hesabu hiyo hukisukuma mbali na kamera, kama kivuli cha mtu kinavyorefuka taa inapokuwa chini.

Kiasi cha kosa kinapigwa hivi: kimo cha kitu, zidisha kwa umbali wa pembeni kati ya kamera na mstari, gawanya kwa kimo cha kamera ukitoa kimo cha kitu. Chukua kamera iliyo mita 3 juu na mita 5 kando ya mstari. Programu nyingi za kufuatilia kinyoya hutoa nukta moja katikati ya umbo lake lote, na wakati wa kutua nukta hiyo huwa kama milimita 35 juu ya sakafu. Kosa: karibu milimita 59. Hiyo ni zaidi ya upana wa mstari mzima! Hata ukitumia kiini cha kitako, kilicho milimita 13 juu, bado unapotea kwa milimita 22. Unaweza kulipa pesa nyingi kwa kompyuta yenye nguvu na usifute kosa hili, kwa kuwa halitoki kwenye kompyuta.

Sasa ihamishe kamera. Iweke pale mwamuzi wa mstari anapokaa, ikiutazama mstari kwa urefu wake, lenzi ikiwa juu ya mwendelezo wa ukingo wa nje. Kosa la kimo halijafutika, lakini limegeuka mwelekeo: linakimbia kufuata mstari, si kuukata. Kinyoya kikionekana sentimita kumi mbele au nyuma kando ya mstari, pointi haibadiliki. Tuseme hukulenga vizuri na lenzi iko sentimita 10 pembeni ya ukingo, kimo cha mita 1.2. Kwa ile nukta mbaya ya milimita 35, kosa la kukata mstari ni milimita 3. Kwa kiini cha kitako ni milimita 1 tu. Viti vya waamuzi wa mistari vimepangwa kwenye mwendelezo wa mistari yao kwa sababu hiyo hiyo.

Kulenga kamera hakuhitaji kifaa cha kigeni. Omba uzi na timazi kwa fundi wa ujenzi. Vuta uzi uulalie ukingo wa nje wa mstari tangu upande mmoja hadi mwingine, uupitishe mpaka nje ya uwanja ulipo mguu wa stendi. Ning'iniza timazi kutoka chini ya lenzi. Ncha yake iguse uzi. Kaza stendi, bandika gundi ya karatasi kuzunguka kila mguu ili ikisogezwa uone. Kimo cha mita 1 hadi 1.5 kinafaa: chini zaidi, miguu ya wachezaji itaziba, juu zaidi, utapoteza mwanya mwembamba kati ya kitako na sakafu unaoonyesha kwamba kinyoya bado hakijatua.

Kwa mstari wa nyuma, kaa mita 1.5 nje ya mstari wa pembeni. Kona ya mbali itakuwa mita 7.6 kutoka kwa lenzi. Simu ya kawaida inayorekodi pikseli 1920 kwa upana itaona kama mita 9.7 katika umbali huo, yaani milimita 5 kwa kila pikseli, na mstari utaonekana una pikseli 8. Inatosha, ila bila ziada. Kwenye mistari ya pembeni kumbuka kwamba ule wa mmoja mmoja na ule wa wawili wawili vimeachana kwa sentimita 46, hivyo aina ya mechi ikibadilika, stendi nayo ihame. Uwanja mzima unahitaji kamera sita. Ukiwa na mbili tu, zipeleke kwenye mistari ya nyuma, kwa kuwa huko ndiko wachezaji huacha kinyoya wakikisia.

Kuna faida nyingine ya kukaa kwenye mstari ambayo viwanja vyetu vinaihitaji sana. Kumbi nyingi za shule zimepigwa rangi kwa mkono, na mistari yake si minyoofu wala pembe zake si mraba. Pima mshazari wa uwanja wa wawili wawili kutoka kona hadi kona: unapaswa kuwa mita 14.723. Ukikuta mishazari miwili imepitana kwa sentimita 3, homografia iliyojengwa juu ya vipimo vya kitabuni itatoa hukumu kuhusu uwanja usiokuwepo. Kamera iliyo kwenye mstari inaisoma rangi iliyo sakafuni, na sheria inaizungumzia rangi hiyo.

Kasi, shata na stima

Mwaka 2023 Satwiksairaj Rankireddy wa India alipiga smashi, yaani pigo kali la kushusha kinyoya, ya kilomita 565 kwa saa. Takwimu hiyo huwatisha mafundi bure. Ni kasi ya kinyoya kikitoka kwenye raketi. Hewa hukikaba mara moja, na kinapofika sakafuni kimebaki na sehemu ndogo tu ya kasi hiyo. Kinyoya kilichopigwa juu sana hushuka kwa takriban mita 7 kwa sekunde, na hakizidi hapo hata kikidondoka kutoka juu ya mnara.

Kwa mita 7 kwa sekunde, video ya fremu (picha) 30 kwa sekunde humwacha mtazamaji na pengo la sentimita 23 kati ya picha na picha. Mguso unatokea ndani ya pengo hilo bila shahidi. Kwa fremu 240, ambazo simu nyingi hutoa kwenye video ya mwendo wa polepole, pengo ni sentimita 2.9, na kwa kuwa kinyoya kinashuka karibu wima, usogezi wake wa kukata mstari katika muda huo ni milimita chache. Smashi ya kandokando ya mstari wa pembeni ni ngumu zaidi, lakini nayo hukimbia zaidi kufuata mstari kuliko kuukata.

Shata, yaani muda ambao kamera hubaki wazi kwa kila picha, nayo isipuuzwe. Kinyoya cha mita 25 kwa sekunde kikipigwa picha kwa shata ya sehemu 1 ya 1000 ya sekunde hujiburuza kwenye picha kwa milimita 25, yaani kitako kizima. Teremka hadi 1 ya 2000 ubaki na milimita 12. Hapo ndipo mwanga unapoanza kudai haki yake, kwa sababu shata fupi huifanya picha kuwa giza.

Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, hivyo taa za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera ya fremu 240 inaona: picha moja angavu, ya pili hafifu, ya tatu karibu giza. Mguso ukiangukia fremu ya giza, programu itakipoteza kinyoya pale pale kinapohitajika. Kabla ya mechi rekodi ukuta mweupe kwa sekunde 2, uangalie fremu moja moja. Ukuta ukipumua, badilisha taa zilizo juu ya mistari ya nyuma uweke za LED zenye draiva (kifaa kinachotuliza umeme wa taa) nzuri. Ukiwa huna uwezo huo, sawazisha mng'ao wa kila fremu kwenye programu, ukijua kwamba fremu za giza zitabaki na chembechembe nyingi. Mchana ukumbi wenye madirisha makubwa hukupa mwanga usiopepesa, jambo zuri, mpaka jua la jioni lipenye kutoka upande wa ziwa na kuchora mstari mweupe wa pili sakafuni. Pazia la gunia kwenye madirisha ya magharibi linamaliza shida hiyo.

Funga mwenyewe shata, mng'ao na fokasi. Ukiiachia simu ijiamulie, mchezaji mwenye shati jeupe akipita itabadilisha kila kitu katikati ya pointi. Uhifadhi nao upangwe: kwenye iPhone, dakika moja ya fremu 240 huchukua karibu MB 480. Usihifadhi mechi nzima. Weka sekunde 10 za mwisho tu, zikijifuta zenyewe, na mwamuzi akiomba ndipo zihifadhiwe. Simu na laptopu ziwe na pawabanki, kwa sababu stima ikipotea wakati wa marudio mzozo utakuwa mara mbili.

Programu inafanya nini

Modeli (programu iliyofundishwa kwa mifano ya picha) inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni TrackNet, iliyotengenezwa Taiwan na kutolewa mwaka 2019, pamoja na matoleo yaliyofuata. Ujanja wake ni kupewa fremu tatu zinazofuatana badala ya moja, ili kinyoya kilichofifia katika fremu moja kitambulike kwa mwendo wake. Ni modeli nzuri, lakini toleo lake la pili hufanya kazi kwenye picha iliyopunguzwa hadi pikseli 512 kwa 288. Kwa ukumbi wetu hapo kila pikseli ni milimita 19. Huwezi kuamua ukingo wa mstari kwa rula ya namna hiyo.

Igawe kazi mara mbili. TrackNet ikuambie kinyoya kimetua takriban wapi na katika fremu gani. Kisha rudi kwenye video asili, kata kipande kidogo kuzunguka mahali hapo katika fremu kama 6 kabla na 6 baada, na humo utafute mduara wa kitako kwa usahihi. Njia ya kushuka ni mstari mmoja, njia ya kudunda ni mwingine. Pale mistari hiyo miwili inapokutana ndipo mguso ulipo, hata kama hakuna fremu iliyoukamata.

Makosa utakayokutana nayo yana sura zake. Kiatu cheupe hudhaniwa kinyoya. Kinyoya cha akiba kilichoachwa kando ya wavu huchukuliwa kuwa ndicho kinachochezwa. Sakafu iliyong'arishwa hutoa taswira ya kinyoya chini yake, na modeli ambayo haikufundishwa huichagua taswira badala ya kitu. Taswira hiyo, ukiitambua, ni zawadi: kitako na taswira yake hukutana mahali hasa pa mguso. Kivuli hufanya vivyo hivyo.

Modeli ifundishwe kwa picha za ukumbi wako, fremu elfu moja au mbili zilizowekwa alama kwa mkono. Na ukiijaribu, ijaribu kwa mechi ambazo haikuziona kabisa. Ukichanganya fremu za mechi moja, nyingine za kufundishia na nyingine za kujaribia, fremu jirani hufanana kama mapacha na modeli itaonekana hodari kuliko ilivyo.

Wapo wanaopenda kukokotoa njia nzima ya kinyoya tangu raketini na kubashiri kitakapotua. Kwa mpira wa tenisi njia hiyo ina msingi. Kwa kinyoya, ningeiepuka. Hewa ndiyo inayotawala mwendo wake, na hewa hubadilika. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari na Nakuru karibu mita 1,850. Kwa hewa nyepesi ya huko, kinyoya hushuka haraka kuliko pwani kwa takriban asilimia 6 Kisumu na asilimia 10 Nakuru. Ndiyo maana wachezaji wa Nakuru hununua vinyoya vya namba ndogo, 75 au 76, vinavyokwenda polepole. Ongeza upepo wa ziwa unaoingia kwenye matundu ya ukumbi alasiri, na unyoya mmoja uliovunjika unaokifanya kinyoya kiyumbe, ubashiri wako umekwisha. Tumia fremu zilizo karibu na mguso tu.

Jaribio la chaki

Mfumo usiopimwa ni maoni ya mtu mmoja zaidi ukumbini. Kipimo chake ni cha bei ya chaki. Saga chaki ya buluu, kwa sababu nyeupe haionekani kwenye rangi nyeupe, gusisha ncha ya kitako kwenye unga huo kidogo tu, kisha mtu apige au arushe kinyoya kitue ndani ya sentimita 5 za ukingo wa nje, kila upande. Kila kikitua kitaacha doa dogo. Pima kwa rula kutoka ukingo wa nje hadi ubavu wa doa ulio karibu na uwanja, andika, futa, rudia. Fanya mara 100, katika sehemu za karibu na za mbali na kamera, mchana na usiku. Doa likiwa refu kama mkia, kinyoya kiliteleza. Pima mwanzo wake, kwa kuwa sheria inahesabu mguso wa kwanza.

Linganisha na majibu ya kompyuta. Makosa yote yakiegemea upande mmoja, tuseme milimita 6 kuelekea nje, usiyatoe kwa hesabu kwenye programu. Rudi kwenye timazi. Ama lenzi imehama, ama umelenga ukingo wa ndani. Makosa yakitawanyika huku na huku, huo ndio uwezo halisi wa mfumo. Mtawanyiko wa kawaida ukiwa milimita 4, weka eneo la shaka la milimita 12 kila upande wa ukingo, na humo kompyuta ijibu "siwezi kuamua". Kulificha eneo hilo na kulazimisha jibu la ndani au nje ni kuwadhulumu wachezaji kwa jina la teknolojia.

Kabla ya mechi ya kwanza, mwamuzi na manahodha wakubaliane hayo kwa maneno: nani anaruhusiwa kuomba marudio, mara ngapi, na nini kinafuata kompyuta ikikosa jibu. Mpangilio ulio wa haki ni ule wa sheria zenyewe. Kompyuta ikisema haiwezi kuamua, uamuzi wa mwamuzi wa mstari unabaki. Ikiwa naye alifumba macho kwa viganja kuonyesha kwamba alizibwa asione, mwamuzi mkuu ataamua. Na kama mwamuzi mkuu pia hakuona, pointi inarudiwa, aliyeanzisha akianzisha tena.